Mikono Mia Mbili ya Kushoto

Mhariri ametuma ujumbe kuuliza mbona mwandiko wa karatasi ninazomletea umebadilika. Anasema zamani herufi zangu zilikuwa zinalala ovyo kama walevi, sasa zimesimama wima na nukta zipo zinapotakiwa. Nimemjibu asome mpaka mwisho. Nanyi someni.

Kwa mgeni aliyefungua gazeti leo: mimi ndiye yule mama mkata nguo ambaye kichwa kilianza kumkimbia. Nilisahau jiko likiwaka mara tatu. Mara ya tatu pazia lilishika moto, na mume wangu akanirudisha kwa kaka yangu na begi moja. Nikabaki na kitu kimoja cha kujivunia, nacho ni mkasi. Kwenye karakana ya kushonea sare nilikuwa mkataji mkuu, na mtandazaji wangu, anayenitandazia kitambaa mezani kabla sijakata, alikuwa wifi yangu, mke wa kaka, ambaye kazi ile nilimtafutia mwenyewe.

Wiki jana tuliishia pale washonaji walipoinua mikono ya makoti ya walinzi, mia mbili kwa jumla, wakakuta yote ni ya kushoto.

Wapo wasomaji walioandika kusema haiwezekani. Inawezekana sana, jamani. Kitambaa kile kina uso na mgongo. Ukitandaza tabaka moja uso juu na linalofuata uso chini, ukikata unapata mkono wa kulia na wa kushoto, jozi kamili. Ukitandaza yote uso juu, kila kipande kinatoka pacha wa mwenzake.

Ndiyo maana karakana yetu ina sheria. Mtandazaji haanzi kazi mpaka aulize, tena mara mbili: "Uso kwa uso, au uso juu?" Mkataji anajibu, halafu anaandika jibu lake kwa chaki kwenye ukingo wa kitambaa. Kazi ikiisha ukingo unakatwa na kutupwa kwenye gunia la mabaki. Neno la mkataji ni amri, na mtandazaji hana la kuongeza.

Bosi wetu ni mama tunayemwita Sindano, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyochoma. Alisimama katikati ya meza, ameshika mikono miwili ya kushoto.

"Nani alisema uso juu?"

"Wifi," alijibu wifi yangu, akininyooshea kidole. "Niliuliza mara mbili, Mama. Akasema uso juu. Akaandika."

Sindano akanigeukia. "Ulisema?"

"Mimi? Miaka kumi na moja nakata mikono, leo niseme uso juu? Naapa kwa kaburi la mama yangu!"

Na hapo sikuwa nasema uongo. Nilipekua kichwani nikakuta asubuhi nzima ile haimo. Nilikumbuka kufika kazini, nikakumbuka washonaji wakipiga kelele. Katikati hapakuwa na kitu.

Gunia la mabaki likamwagwa sakafuni. Wote wakachambua, ukingo wenye maandishi haukuonekana. Wifi akapiga magoti akachambua tena peke yake, kipande kwa kipande, mpaka gunia likaisha.

"Kwa hiyo umetandaza kwa kichwa chako," Sindano akamwambia. "Vua aproni."

Wifi hakulia. Aliikunja aproni kona kwa kona, kama anavyokunja kitambaa, akaiweka juu ya meza yangu.

"Wifi, ulisema," akaniambia polepole. "Sisemi kwa ubaya. Lakini ulisema."

Nikageuka nikaanza kupanga patani zangu, zile karatasi za kukatia.

Siku ya tatu nilitaka kufua aproni yangu. Nilipoingiza mkono mfukoni nikashika kitu kimeviringishwa. Nikakivuta. Ulikuwa ukingo wa bluu nzito, umeandikwa kwa chaki nyeupe: USO JUU. Chini yake ilikuwapo alama yangu, mistari miwili iliyokatana kama mkasi mdogo.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa mfukoni kabisa, na nilijua kimefikaje. Hapa inabidi niwaambie jambo ambalo nimelificha tangu sehemu ya kwanza. Nilikuwa nakula chaki.

Cheka ukitaka, mimi nilishamaliza kucheka. Nazungumzia chaki ya fundi, ile bapa, nyembamba, yenye harufu ya vumbi lililoanza kunyeshewa. Nilianza kwa kuinusa, nikaja kuilamba, na mwisho nikawa namaliza vipande viwili kwa siku nimeinama chini ya meza kama ninayetafuta pini. Nikiikosa, mate yanajaa mdomoni. Ukingo ule lazima niliuweka mfukoni kwa sababu chaki yake ilikuwa nene. Niliukusudia kwa baadaye, nikasahau nimeandika nini juu yake.

Sindano anakaa mitaa miwili kutoka kwetu. Wifi alikuwa pale pale uani, anaanika. Ningenyoosha mkono tu nikampa.

Niliukunja nikaupeleka chini ya godoro.

Nikajiambia nitasema kesho. Kesho ilipofika nikasema keshokutwa. Msidhani sikujua nafanya nini, hilo nilikuwa nalikumbuka vizuri sana. Mume sina, nyumba sina, mkasi nao ukiondoka nitabaki nani? Na kulikuwa na jambo jingine. Mama yangu alianza hivyo hivyo, kwa kusahau jiko, akaishia chumba cha nyuma kwa kaka, mlango una komeo la nje. Mtaa mzima ulikuwa unanitazama na kusubiri zamu yangu. Wifi akizunguka karakana nyingine kuomba kazi, wanamwuliza, "Si wewe unayetandaza kwa kichwa chako?" Anarudi nyumbani, anapika, ananipakulia.

Wiki ile ile nikaanguka kwenye ngazi za karakana. Wakanipeleka zahanati.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akanitoboa kidole, akasubiri, akasoma.

"Damu yako ni saba. Mwanamke mzima inatakiwa ifike kumi na mbili. Siku zako zinakwendaje?"

"Nane. Mara nyingine tisa. Nyingi."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani, nesi? Si kila mwanamke anaona?"

Akatikisa kichwa. "Na kusahau je? Unasoma kitu mara tatu hakiingii? Unaambiwa neno, ukigeuka limepotea?"

Hapo nikaanza kulia, maana ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza badala ya kunicheka.

"Sikiliza, mama," akasema. "Madini ya chuma si ya damu peke yake. Ubongo nao unayatumia. Yakipungua mtu anakuwa mzito, hashiki jambo, anakosea kazi aliyoizoea. Wanawake tunapoteza damu kila mwezi, tunazaa, tunapakua chakula na kujipa kilichobaki. Wengi wanatembea hivi. Wanaitwa wavivu. Wengine wanaitwa wendawazimu."

"Kwa hiyo sirukwi na akili?"

"Sijakupima kila kitu. Lakini damu hii peke yake inatosha kumlaza ng'ombe."

Nilitaka kumkumbatia. Akachukua kadi yangu na kalamu.

"Unakula udongo? Mkaa? Mchele mbichi? Chaki?"

Aliuliza kikawaida tu, kama anayeuliza umri. Ningesema ndiyo, hadithi hii ingeishia pale na gazeti lingetafuta mwandishi mwingine.

"Sili," nikasema.

Akazitazama kucha zangu, zimebonyea katikati kama vijiko. Akatazama na pembe za mdomo wangu, zilizopasuka. Hakunibishia. Akaandika kwenye kadi, akanipa vidonge, akanieleza jinsi ya kumeza na kuniambia nirudi baada ya miezi mitatu. Alieleza kwa kirefu. Niliitikia kila neno.

Nilipotoka nilikuwa nimepona tayari. Sina wazimu! Nina upungufu! Nilitembea njia nzima nikilirudia neno hilo. Nikajiambia nimeze kwanza, akili irudi, halafu nitakwenda kwa Sindano na ukingo wangu nikiwa mtu kamili. Mnaona nilivyokuwa mwerevu? Hata dawa niliifanya kisingizio.

Karakana yetu ina birika kubwa la chai ya rangi, imekolea mpaka inaacha mstari kikombeni. Kila asubuhi nilimeza kidonge changu na kikombe cha chai ile. Kidonge kinaacha ladha ya sarafu kwenye ulimi, basi nikawa naiondoa kwa kipande cha chaki.

Sikukosa siku hata moja. Miezi mitatu!

Akili haikurudi. Mtandazaji mpya akiniuliza uso kwa uso au uso juu, namwambia subiri, halafu namkuta bado amesimama na mimi nimeshakwenda kunywa chai. Nilikata mifuko bila vifuniko. Nilikata kola za shingo ya mtoto. Washonaji wakanipa jina la Kopo, kwamba ukiligonga linalia lakini ndani hamna kitu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zilikuwa zinabaki kwenye chanuo.

Nikarudi kwa nesi. Akanitoboa, akasoma, akavua miwani.

"Sita na nusu. Vidonge umemeza?"

"Vyote."

"Unameza na nini?"

"Na chai."

Alifumba macho. Alipoyafumbua akaivuta kadi yangu, akaigeuza, akanionyesha kwa kidole. Mwandiko ulikuwa wake, mkubwa, umepigiwa mstari mara mbili: SI NA CHAI.

"Nilikuambia, mama. Nikakuandikia. Chai inakikamata chuma tumboni, mwili unapata kidogo sana. Umekuwa unafungua mlango wa mbele na kumtoa mgeni kwa mlango wa nyuma."

Nilikuwa nimetembea na kadi ile kwenye pochi kwa miezi mitatu. Sikuwahi kuigeuza.

"Na chaki?" akauliza tena.

Safari hii nikaitikia kwa kichwa.

"Mficha maradhi, mama..." akasema, hakumalizia. "Chaki nayo inazuia chuma. Halafu hiyo hamu yenyewe mara nyingi ni dalili. Mwili unatafuta, haujui unatafuta nini. Tuanze upya. Meza na maji, na tunda chachu ukipata. Chai isogeze mbali. Itachukua miezi, usikate tamaa."

Akanipa vidonge vipya, na barua ya kumpelekea mwajiri kwamba nipewe kazi nyepesi kwa muda, kwa kuwa umakini wangu na kumbukumbu zangu vimeathirika. Aliniandikia kwa huruma. Barua hiyo muikumbuke.

Nilimkuta wifi jikoni anachambua mchele. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza habari za chaki, kwa sababu sasa ilikuwa na jina la kihospitali na aibu ilikuwa imepungua.

"Nesi anasema mtu akiishiwa chuma anatamani vitu vya ajabu. Udongo. Mkaa."

Mkono wake ukasimama kwenye ungo.

"Na ukuta?" akauliza.

"Ukuta gani?"

"Mama mkwe, wifi. Lile tundu karibu na kitanda chake. Nyie mlisema anabomoa nyumba. Mimi ndiye nilikuwa namwogesha. Nilikuwa nakuta udongo kwenye meno yake. Nikamwambia kaka yako, huyu hafanyi fujo, huyu anakula. Akaniambia nisimtie mama yake aibu."

"Hukuniambia mimi."

"Nilikuambia. Ulikuwa unapima kamba."

Jamani. Nikakumbuka. Nimesahau mangapi, hili likaja lote na rangi zake.

Mama alikuwa anaparua ukuta mpaka vidole vinatoka damu, na kaka akasema lazima mikono izuiwe. Nani alikuwa fundi katika familia? Nilishona mifuko miwili ya turubai, isiyo na vidole, yenye kamba ya kukaza kwenye kifundo. Nilipiga mshono mara mbili ili asiufumue. Nikamwonyesha kaka jinsi ulivyonyooka. Mama aliivaa miaka miwili, akavuliwa siku ya kuoshwa maiti.

Sisemi angepona. Nesi naye hakusema, na hakuna wa kumtoboa marehemu kidole. Huenda alikuwa na mengine. Ninachojua ni kwamba alikuwa na njaa ya kitu, akatuonyesha kwa vidole vyake, na mimi nikavishonea mfuko.

Nililia mpaka wifi akanisukumia kanga yake nijifute. Wema ule ndio ulionimaliza.

"Wifi," nikasema. "Niliandika uso juu. Ukingo ninao."

Aliuweka ungo chini.

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu."

"Miezi mitatu na zaidi."

"Ndiyo."

"Unakula ninachopika."

"Ndiyo, wifi."

"Unanisikia nikirudi kuomba kazi, unaniuliza, 'Vipi, umepata?'"

Akasimama, akakung'uta pumba kwenye nguo yake.

"Ulete. Twende kwa Sindano sasa hivi, kabla hujasahau na hili."

Nikainua godoro. Ukingo ulikuwapo pale pale, umekunjwa mara nne. Nikaufungua mbele yake. Bluu nzito, safi, hauna hata herufi moja. Kitambaa kilikuwa kimekakamaa, na kina alama za mduara zilizokauka.

Wifi akaugeuza upande wa pili, akaugeuza tena. "Maandishi yako wapi?"

Sikumbuki lini. Labda mchana mmoja, labda michana mingi. Lakini ulimi ulikumbuka.

"Nimeyalamba," nikasema.

Wifi alicheka. Alicheka kicheko kimoja kifupi kama kikohozi, halafu akanishika mkono tukatoka.

Sindano alitusikiliza amesimama, na washonaji wote mashine wamezinyamazisha. Nikasema kila kitu. Nikasema nilijibu uso juu, nikaandika, nikaficha, nikamwacha wifi avuliwe aproni. Nikatoa na ukingo nikauweka mezani. Ili ajue siongopi kuhusu ugonjwa, nikampa barua ya nesi.

Akaisoma taratibu mpaka chini.

"Hapa wameandika kumbukumbu zako zimeathirika," akasema. "Siku ile ile ya tukio uliapa hukusema. Leo miezi imepita, na kichwa chako kigonjwa, ndiyo umekumbuka?"

"Sikukumbuka, Mama. Niliukuta umeandikwa."

"Yako wapi maandishi?"

Mshonaji mmoja akaguna. Wa pili akacheka. Wakacheka wote.

"Mnakaa nyumba moja nyie," Sindano akaendelea. "Huyu hana kazi, wewe huna akili. Amekukalisha chini akakutia maneno mdomoni."

"Sijamtia neno," wifi akasema.

"Wewe nyamaza. Wewe nilishakufahamu."

Nilipoapa jambo lisilo kweli kwa kaburi la mama yangu, niliaminiwa kwa sekunde moja. Nilipoleta kweli na muhuri wa zahanati, muhuri ndio ulionikanusha. Nikamtazama wifi. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama ile aproni yake, imevaliwa na mtandazaji mpya.

"Weka mkasi mezani," Sindano akaniambia. "Barua hii inasema kazi nyepesi. Nyepesi kuliko zote ni kukaa nyumbani."

Miaka kumi na moja. Nikauweka, na mpini wake umeshaacha alama kwenye kidole gumba changu.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani wifi akasema neno moja tu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko la Sindano.

"Unajua, wifi, mara nyingine najiuliza kama kweli nilisikia."

"Ulisikia! Nakuambia ulisikia!"

"Wewe ndiye unayeniambia," akasema.

Sindano alikuwa ameshampigia kaka simu. Tulimkuta sebuleni, kofia mkononi.

Kaka yangu si mtu mbaya, msimwandikie mhariri matusi. Alikuwa analia kabla hatujakaa. "Mdogo wangu," akasema, "mama alianza na jiko. Wewe umeanza na jiko. Mama alikula ukuta. Wewe unakula chaki, leo nimeambiwa. Maji hufuata mkondo. Nifanye nini mimi?"

"Ni chuma, kaka. Nimepungukiwa chuma. Kuna vidonge."

"Vidonge vya damu! Kinachoumwa ni kichwa, wanakupa dawa ya damu? Miezi mitatu umemeza, umekuwa nani? Umekuwa Kopo." Akanyoosha mkono. "Nipe."

"Nilikuwa nameza vibaya. Na chai. Waliniambia nisimeze na chai, nikasahau."

Nilijisikia mwenyewe nikisema nikasahau, na nikaona uso wake unavyojifunga. Akaichukua chupa akaitia mfukoni mwa shati. Alisema ataulizia kwanza ni dawa ya nini.

Chumba cha mama kilikuwa kimegeuzwa stoo. Kaka akatoa ndoo na magunia matupu, wifi akafagia, wakatandika. Yote hayo yalifanyika mchana kweupe, jirani akipita anasalimia, nasi tunaitikia. Ilionekana kama mgeni anaandaliwa.

Nikakaa kitandani. Tundu lilikuwa usawa wa mto, kubwa kama bakuli, kingo zake laini kwa kupapaswa. Ukuta ule ukipata joto la mchana unatoa harufu. Mate yakajaa mdomoni. Nawaambieni kweli, nilikuwa natoka kulia kwa ajili ya mama yangu, machozi hayajakauka, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye tundu lake.

Kaka aliuona.

Mifuko ilikuwa bado kwenye msumari nyuma ya mlango. Akaitungua, akaikung'uta vumbi, akampa mkewe.

"Mvalishe. Mimi siwezi." Akasimama mlangoni, ametupa mgongo.

Wifi akapiga magoti mbele yangu, kama siku ile kwenye gunia la mabaki. Akaingiza mkono wangu wa kushoto, akaingiza wa kulia. Mshono ulikuwa bado umenyooka. Akashika kamba, akaniinulia macho.

"Wifi," akauliza, "nikaze, au niache wazi?"

Ni sauti ile ile ya mezani. Kwa sheria ya karakana, akauliza mara ya pili.

"Nikaze, au niache wazi?"

Nikamjibu. Hilo nalijua, kwa sababu nakumbuka midomo yangu ikitembea na kaka akigeuza kichwa nusu. Nilichosema sikijui.

Siku sita zimepita. Mhariri, mwandiko huu ni wa wifi yangu. Anakaa kwenye kigoda karibu na kitanda kila mchana kaka akiwa kazini, mimi nasema, yeye anaandika, halafu anakuletea. Ameandika yote, hata ya ukingo, hata ya chakula alichonipikia, na hakufuta neno. Kamba zimekazwa. Vidonge viko kwenye shati la kaka, shati linaning'inia chumbani kwao, na anayelifua ni wifi.

Leo nimemwuliza. Nimemwambia, wifi yangu, siku ile nilikujibu nini? Ni mimi niliyesema ukaze?

Ameweka kalamu juu ya goti.

"Mara ya kwanza nilisema ulichonijibu," akasema, "nikavuliwa aproni. Mara hii sisemi."